Sahani ya Kwanza ni ya Mleta Unga

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokula sahani mbili za ugali mbele ya wapishi saba, na ile ya pili niliiomba mwenyewe. Mpaka leo nikimwona mtu anaongezewa chakula mwili unanisisimka. Nakusimulia kwa sababu nimesikia wewe na wenzako mmeanza kukusanya mchele na maharage kwa wakulima na kuyapeleka shuleni na hospitali. Niliposikia nilifurahi, nikataka kurusha kofia ikanase kwenye nyaya za umeme. Halafu nikakaa chini taratibu, maana kazi hiyo niliifanya mimi kabla hujazaliwa, kabla hata mkoa wetu wa Katavi haujazaliwa, Mpanda ikiwa bado wilaya tu ya Rukwa. Na karibu inizike.

Miaka ile ya tisini nilikuwa kijana wa Kawajense. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo nimekua nikijua saa ya treni kuliko msimu wa kupanda. Darasa la saba nilifeli vizuri kabisa, kwa kishindo, wilaya nzima ilisikia. Nikaingia madarasa ya jioni ya watu wazima, miaka mitatu, mchana nabeba magunia stesheni, jioni nabeba daftari. Nilipomaliza nikapewa cheti. Mwanangu, kile cheti! Nilikibandika ukutani, nikakifunika nailoni, na wageni wakija nawapangia viti vikitazama upande ule. Nikaanza kutembea na kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu. Ya buluu ya kuandikia. Nyekundu ya kuwasahihishia watu.

Sasa mwaka huo mvua ilinyesha mpaka vyura wakatafuta pa kujikinga. Reli ya kutoka Kaliua ikaliwa na maji, treni ikakwama huko, na unga wa shule ukakwama ndani ya treni. Palikuwa na shule moja ya bweni nje kidogo ya mji. Jina lake nitalimeza, halina kosa. Mtunza stoo wa shule hiyo akaja stesheni akiwa na uso wa msiba.

"Watoto mia nne," akaniambia, "wanakula kande mchana, kande jioni. Wameanza kuota kande."

"Mimi nitaleta unga," nikamwambia.

"Wa wapi wewe, na treni haipo?"

"Wa hapahapa. Mwamkulu."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mvua inauzwa dukani. Lakini fikiria, mwanangu. Mwamkulu kule kulikuwa na familia zilizotoka Burundi zamani, wakulima hasa, mihogo yao imejaa ardhini mpaka ardhi imevimba. Akina mama walikuwa wanabeba makopa kichwani, ile mihogo iliyokaushwa tayari kwa kusaga, wanaleta sokoni, wanakaa juani siku nzima, halafu nusu yake wanairudisha nyumbani kichwani vilevile. Na huku shule inasubiri unga wa treni! Kati ya shamba na jiko la shule ni mwendo wa baiskeli tu, na hakuna mtu aliyekuwa ameuona. Nikauona mimi, mwenye kalamu mbili.

Mkuu wa shule akakubali. Akasema nilete magunia kumi na tano Jumatatu, siku tisa mbele, yapikwe, na yakipita, shule itachukua unga wa Mwamkulu mwaka mzima, treni ije isije. Mwaka mzima, mwanangu! Nilipanda baiskeli nikaruka mashimo yote ya njia ile bila kugusa chini.

Mwamkulu nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Spesioza. Huyu alikuwa kiongozi wa akina mama wa pale, mwanamke mfupi, mpole, mwenye mikono migumu kama gome la mti. Alifika nchi hii akiwa amebebwa mgongoni, na ukimsikia anasema "kwetu" anakuonyesha shamba la Mwamkulu. Binti yake, Goreti, alikuwa kidato cha pili katika shule hiyohiyo. Nilipotoa habari, wanawake walipiga vigelegele, mmoja akakumbatia baiskeli yangu. Mama Spesioza peke yake akawa anahesabu vidole.

"Makopa yaliyo tayari yanatoa magunia sita," akasema. "Ni yangu ya kiangazi. Tisa yaliyobaki itabidi tuchimbe leo. Siku ni chache, kaka Fidelis. Muhogo wetu unakaa majini siku nne, na kwa baridi hii hata tano. Halafu jua."

"Mama, muhogo naujua. Nimekula tangu utotoni."

"Umekula upi?"

"Wa sokoni. Wa kuchemsha."

"Yoo! Huo ni mtamu, huo hata mtoto anatafuna shambani. Huu wetu ni mchungu. Usipokaa majini siku zake unalewesha. Ulishaua mbuzi hapa."

"Mimi si mbuzi," nikasema, na wanawake wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani wananicheka kwa kunipenda.

Nikatoa kalamu nyekundu nikaandika ratiba kwenye karatasi, nikaibandika mlangoni kwa mama huyo. Leo Jumamosi kuchimba na kumenya. Jumapili baada ya kanisa kuloweka. Kila nilivyojaribu kuzipanga siku nne za majini, zile za jua hazikutosha. Nikaandika mbili.

Mama Spesioza hakujua kusoma, akamwomba mwingine amsomee. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ratiba nzuri," akasema. "Sasa mwende kijitoni mkamsomee muhogo."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikaona aibu, nikafuta mbili nikaandika nne. Lakini moyoni, mwanangu, mbili ilibaki palepale. Mimi nilijua maji ni ya kulainisha tu, ili mchi usichoke. Nani alinifundisha hivyo? Hakuna. Nilijifundisha mwenyewe, na nikajipa maksi mia.

Mihogo ikaingia kwenye mashimo ya kulowekea kando ya kijito. Jumatatu Mama Spesioza akapata msiba wa shangazi yake kijiji cha mbali, akaondoka. Kabla hajaondoka akanishika mkono.

"Msitoe mpaka kidole gumba kizame chenyewe. Si kwa kusukuma. Chenyewe."

"Nimekusikia, mama."

Na kweli nilimsikia. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo, kwamba nilimsikia vizuri.

Jumanne jua likatoka. Halikuwa jua la kawaida, lilikuwa jua la kukaushia bahari! Baada ya wiki mbili za mvua lile jua likanipa wazimu. Nikawaza, hili likizama bila mihogo kuanikwa, kesho mvua itarudi, Jumatatu nitasimama mbele ya mkuu wa shule mikono mitupu, na mwaka mzima umepotea. Nikakimbia kijitoni, nikawaita vijana wa pale.

"Toeni! Anikeni yote!"

Kijana mmoja akaminya muhogo, kidole kikagoma kuzama. "Mama amesema tutoe?"

"Mama amesema."

Maneno mawili tu. Hata sikuyafikiria, yalitoka yenyewe kama chafya. Wakatoa yote, wakaanika kwenye miamba, na jua likafanya kazi yake siku tano mfululizo. Mimi nikajiona nabii.

Jumapili Mama Spesioza akarudi. Akakuta makopa meupe, makavu, mazuri. Akavunja moja, akalinusa.

"Mlitoa lini?"

"Alhamisi, mama."

"Mbona halina harufu yake?"

"Jua lilikuwa kali. Limekula harufu."

Akanitazama kwa muda mrefu sana, mwanangu, ng'ombe angeweza kunywa maji akamaliza kijito. Lakini alikuwa ametoka msibani, amechoka, na mimi nilikuwa na cheti. Akasema, "Haya." Mashine ya kusaga ilipoanza kunguruma, nikayachanganya makopa yote, yale ya siku mbili na yake ya kiangazi, ili unga wote uwe na rangi moja. Nilisema wakubwa wanapenda rangi moja.

Jumatatu asubuhi tulipakia magunia kwenye mkokoteni wa Masanja, Msukuma aliyekuwa amehamia pale na ng'ombe wake, mtu wa maneno kuliko redio.

"Profesa," akaniita njiani, "leo ng'ombe wangu wanaingia sekondari. Mimi mwenyewe sikufika."

"Waambie wavae soksi."

"Watavaa. Lakini wakifaulu wasinidharau."

Tukacheka mpaka ndani ya geti, naye akabaki kunisubiri na mkokoteni. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho cha siku hiyo.

Mpishi mkuu wa shule aliitwa Mama Leonsia, Mpimbwe, kabila la wenyeji wa kule, mwanamke mrefu, na mwiko wake mrefu kama kasia la mtumbwi. Masufuria ya jiko lile, mwanangu, ungeweza kuoga ndani wewe na ukoo wako wote na bado mkamwachia jirani nafasi. Hakunipa hata karibu. Alifungua gunia moja, akachota unga kwa ncha ya kidole, akagusa ulimi, akatema pembeni.

"Muhogo ulikaa majini siku ngapi?"

"Nne."

"Ngapi?"

"Nne, mama."

"Nakuuliza mara ya tatu, mwanangu, na sitarudia."

"Nne!" Nikamwonyesha na vidole. Kwa haraka vikatoka vitano.

Akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Jikoni kwangu sahani ya kwanza ni ya aliyeleta. Anakula mbele yetu, halafu anakaa kwenye benchi lile mpaka kengele ya chakula. Aliyeleta samaki alikaa. Aliyeleta maharage alikaa. Mkuu wa shule alileta mafuta ya kupikia ya nduguye, naye akakaa, na tai yake shingoni."

Mwanangu, nilishtuka. Tangu nizaliwe sikuwa nimesikia utaratibu wa namna hiyo. Lakini nikajikaza, nikasema moto unaua kila kitu, na huu ugali umepikwa. Akasonga kidogo kwenye kisufuria, akanipa tonge mbili za ukubwa wa yai la kanga, na dagaa kidogo. Wapishi wenzake sita wakasimama kunitazama. Hizo tonge mbili nikaziona dharau.

"Mama," nikasema kwa sauti ya kusikika, "mimi mtu wa kubeba magunia. Hiki ni chakula cha kuku. Niongezee!"

Wapishi wakaangua kicheko. Mama Leonsia hakucheka. "Umesema nikuongezee?"

"Jaza!"

Akasita, mwiko mkononi. Halafu akaongeza, kidogo, nikamfuata na sahani mpaka ikajaa. Nikala yote. Palikuwa na uchungu fulani nyuma ya ulimi, nikausingizia dagaa.

Nikaenda kukaa. Ilikuwa saa tatu na nusu, na kengele ya chakula ilikuwa saa saba. Mbele yangu masufuria mawili makubwa yalikuwa motoni, yamefunikwa, mvuke unatoka. Nikajua ugali wa watoto mia nne unapikwa humo.

Saa nne nilikuwa sijambo kabisa, napiga mluzi. Saa tano kitu kikaanza kugonga kichwani, kama fundi bati anatengeneza ndoo. Nikasema ni jua. Nilikuwa kivulini. Saa tano na nusu jasho la baridi likaniloa shati mpaka kalamu nyekundu ikaanza kutoa wino mfukoni, nikaonekana nimechomwa kisu. Nikayatazama yale masufuria, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti ya Mama Spesioza: unalewesha.

Mama Leonsia akapita. "Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Una la kuniambia?"

"Sina."

Akaendelea na kuni zake. Nami nikabaki napigana na nafsi yangu. Nikisema, akina mama wa Mwamkulu wamepoteza mwaka mzima. Nikisema, magunia kumi na tano yanakwenda jalalani. Nikisema, mimi ni mwongo mwenye cheti. Na nisiposema? Nikajiambia labda mimi nimekula nyingi mno, watoto watakula kidogo. Unaona, mwanangu, mahali ambapo mtu anaweza kufika akiwa amekaa tu kwenye benchi? Nilikuwa natafuta kipimo cha sumu kinachofaa watoto wa watu.

Saa saba kasoro akaja binti mmoja anakimbia kutoka madarasani, sahani mkononi. Goreti wa Mama Spesioza.

"Shikamoo kaka Fidelis! Mama hajambo?"

"Hajambo," nikasema. Midomo ilikuwa mizito.

"Nimewaambia darasa zima leo tunakula unga wa mama yangu! Kila siku wananicheka, eti sisi wa Mwamkulu tunanuka muhogo. Leo watanuka wote!" Akacheka mwenyewe, akapiga sahani yake kama ngoma. "Nimeomba niwe wa kwanza kwenye foleni. Nimekubaliwa."

Nikajaribu kusema kitu. Kengele ikalia.

Mwanangu, nimewahi kusikia simba karibu na kambi. Nimewahi kusikia radi ikipasua mti hatua kumi kutoka niliposimama. Hakuna sauti iliyonitisha kama zile sahani mia nne zikigongwa na vijiko, zinakuja. Goreti akasimama mbele kabisa, ananitazama, anatabasamu. Mama Leonsia akashika mfuniko wa sufuria ya kwanza.

Nikasimama. Miguu ikakataa, ikakunjika, nikaanguka kwa magoti katikati ya jiko.

"Msile!" nikapiga kelele. "Msile! Siku mbili! Ulikaa siku mbili!"

Halafu nikatapika, mbele ya sekondari nzima.

Sahani zikaacha kugongwa. Mama Leonsia akafunua sufuria, akaniinamishia ili nione. Mwanangu, ndani mlikuwa na maji. Maji matupu yanachemka. Akafunua ya pili. Maji.

"Unga wako haujaingia humu hata chembe," akasema. "Kande yao iko kwenye banda la nyuma, imeiva tangu saa tano. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nilipigwa na butwaa mpaka kutapika kukasimama kidogo. Kwa muda wa saa tatu na nusu nilikuwa nayatazama maji na kuwaza mauti ya watoto! Lakini hapo nikaona jambo lingine lililonishtua zaidi. Mwiko ulimponyoka yule mama.

"Tonge mbili," akasema. "Nilikupa tonge mbili tu, zikushtue tumbo useme. Nani alikutuma uombe sahani? Nani? Masanja! Leta mkokoteni!"

Ng'ombe wa Masanja siku ile walikimbia kuliko treni. Ni kweli treni yetu ya wakati ule hata mimi niliipita kwa miguu, lakini walikimbia. Masanja hakusema neno njia nzima, na hilo nalo lilinitisha, kwa sababu mtu yule hata usingizini alikuwa anasema. Alisema neno moja tu tulipofika hospitali, "Mayo we," yaani mama wee kwa lugha yao, akanibeba mabegani.

Nilikaa kitandani siku tatu. Mama Leonsia alikuja jioni ya siku ya kwanza na aproni yake bado kiunoni. Akaniambia kwamba mwaka mmoja wa njaa, yeye akiwa msichana, mdogo wake wa kiume alikula ugali wa muhogo uliotolewa majini mapema kwa sababu nyumba nzima ilikuwa na njaa. Hakufika kesho yake. "Tangu hapo," akasema, "sipiki cha mtu ambaye hawezi kukila." Halafu akaniomba radhi. Yeye! Kwangu! Nikageukia ukutani nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Mama Spesioza alikuja asubuhi ya pili. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya kuomba msamaha, yenye utangulizi na hitimisho kama tulivyofundishwa. Hakunipa nafasi.

"Ulichanganya na wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Wote?"

"Wote."

Akakaa sakafuni. Palikuwa na kiti, akakaa sakafuni. Magunia sita ya makopa ya kiangazi, safi, yangeweza kuliwa na mtoto mchanga, nami nimeyaharibu ili yawe na rangi moja. Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningepona mapema zaidi.

"Na Goreti alikuwa wa kwanza kwenye foleni," akasema polepole, kama mtu anayesoma herufi kwa mara ya kwanza. Halafu akainua uso. "Vijana wameniuliza kwa nini nilisema watoe. Nimewaambia mimi sikusema, nilikuwa msibani. Wananitazama. Fidelis, mdomo wangu uliupata wapi?"



Unga ule ulifukiwa shimoni nyuma ya shule. Wanawake wote wa Mwamkulu walikuja, wakasimama kuangalia jasho lao likifunikwa kwa koleo. Nilitaka waseme kitu. Wakafunga khanga wakaondoka. Mkuu wa shule akasema mambo ya wakulima wa Mwamkulu yamekwisha.

Aliyeufungua mlango tena ni Mama Leonsia. Alitembea kwa miguu mpaka kijitoni, akakaa na Mama Spesioza kutwa nzima, wawili wanaminya mihogo. Siku iliyofuata akamwambia mkuu wa shule: unga utakuja, lakini asiulete mwenye kalamu, aulete mwenye kidole. Mkuu akauliza kidole gani. Akamwonyesha gumba. Na ikawa hivyo. Baada ya wiki kadhaa Mama Spesioza mwenyewe alikuja na unga, kila nyumba gunia lake na alama yake, hakuna kuchanganya. Akala sahani yake, akakaa kwenye benchi kwa heshima kama malkia, anashona, mpaka kengele ikalia. Watoto wakala. Goreti akala wa kwanza.

Na mimi? Mama Spesioza alinipa adhabu. Msimu ule mzima nikawa mlinzi wa mashimo ya kulowekea. Kila alfajiri nainama kwenye maji ya baridi, naongeza maji, naminya mihogo, nazitangaza siku kwa sauti. Vijana walikuwa wananipita wanauliza, "Profesa, leo mwanafunzi wako anasemaje?" Nawajibu, "Bado hajaiva, rudini kesho." Kalamu nyekundu niliigawa. Kidole changu kikajifunza kile ambacho cheti hakikunipa, na baada ya msimu huo, polepole, wakaniamini tena kubeba. Nimebeba mchele, maharage, mboga, mayai, shuleni na hospitali, miaka na miaka. Na kote huko sahani ya kwanza nilikula mimi. Ndiyo maana ya hiki kitambi unachokicheka.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nimezunguka sana. Kazi unayoianza ni nzuri. Mkulima ana chakula na hospitali ina wagonjwa, na kati yao unasimama wewe. Ukishasimama hapo, umebeba midomo ya watu wa pande zote mbili. Mkulima hatakuwepo utakapoulizwa jikoni, na mgonjwa hatakuwepo utakapoharakisha shambani. Kwa hiyo usimsemee mama yeyote neno ambalo hakulisema, hata kama ni fupi, hata kama jua linawaka. Akikuambia siku nne, peleka siku nne, na kama mnunuzi hawezi kuzisubiri, rudi ukamwambie mnunuzi kwamba hazijatimia. Atakasirika, hatakufa. Usichanganye gunia la aliyefanya vizuri na la aliyeharakishwa. Usipeleke chakula ambacho hujakila. Na siku ukikosea, maana utakosea, sema ukiwa bado umesimama. Usisubiri magoti yaseme.

Jambo la mwisho. Nimesikia maharage yenu ya kwanza mnayapeleka hospitali wiki ijayo. Jikoni pale utamkuta mama mmoja, mkuu wa jiko, atakuuliza swali moja mara tatu huku anakutazama machoni. Usimkasirikie, na usimwonyeshe vidole. Atakupa sahani, halafu atakuonyesha benchi. Kaa. Huyo ndiye Goreti, na ukimwambia umetumwa na kaka Fidelis atacheka, lakini utakaa vilevile.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono ambayo wakulima watakuachia mavuno yao bila kuhesabu, na macho ambayo wapishi hawatahitaji kuyauliza mara ya tatu. Akupe tumbo zuri na ulimi mzuri kuliko tumbo. Watoto usiowajua wale ulicholeta, wakasinzie darasani kwa shibe, na mtu asikumbuke kamwe jina la aliyeleta. Na wakikupa tonge mbili tu, mwanangu, shukuru. Usiombe nyongeza.